Mwalimu, "educate" imenichosha: niandike nini badala yake?

Marahaba, dada, na pole kwa ripoti iliyorudishwa mara mbili.

Kwa faida ya wasomaji wengine nieleze kwanza ulichoniuliza. Wewe ni afisa ugani, unahudumia wakulima wa viazi katika vijiji vya milima ya Uporoto, hapa Mbeya. Kila robo mwaka unaandika ripoti ya Kiingereza kwa mradi unaowafadhili. Ya mwisho ilirudi na maneno ya msimamizi pembeni: "educate" umeirudia karibu kila mstari. Ukaingia kwenye simu, ukatafuta visawe, ukapanga "enlighten", "edify", "elucidate" na "instruct". Ikarudi tena, na safari hii kaandika kwamba haelewi ulifanya nini hasa huko vijijini. Unataka kujua maneno yapi yanaweza kukaa mahali pa "educate" na "explain", na utajuaje lipi liende wapi. Tena unaomba kazi kwingine, na barua nayo unataka isomeke vizuri.

Aya uliyonitumia ni hii, nimeiacha kama ilivyo:

"During the quarter I enlightened farmers about bacterial wilt. I explained them the dangers of using old seeds and edified them on crop rotation. Village leaders were elucidated about the by-law on potato packing. Farmers were instructed to make seed selection. Many trainings were disseminated."

Msimamizi wako ana haki. Kazi uliyoifanya ni kubwa, lakini aya hii imeificha. Maneno uliyoyapata kwenye simu yana undugu na "educate", ila kila moja linasimulia tendo lake, na huwezi kuyabadilishana jinsi upendavyo. Kabla ya kuchagua, jiulize mambo mawili. Mkulima aliondoka na nini pale mlipokutana: habari, uelewa, ujuzi wa mikono, au mabadiliko ya namna anavyoishi? Halafu, kitenzi hicho cha Kiingereza kinataka kifuatwe na nani: mtu, au jambo? Ukijibu hayo mawili, maneno mengi yatajichuja yenyewe.

Sikio la kazi hii unalo tayari, kwa sababu unazungumza Kiswahili. Ukimpigia simu mwenyekiti wa kijiji kwamba kikao kimesogezwa mbele, unamwambia. Ukimwandikia barua yenye muhuri wa halmashauri, unamwarifu au unamtaarifu. Habari ni ileile, lakini hakuna anayechanganya mahali pa maneno hayo. "Ambia" ni letu la Kibantu, "arifu" limetoka Kiarabu, likaja na harufu ya barua na ofisi. Ndivyo ilivyo kwa "onyesha" na "bainisha", au "fundisha" na "elimisha".

Kiingereza nacho kina matabaka kama hayo, kwa sababu ya historia yake. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Kwa vizazi vingi baada ya hapo wakubwa walizungumza Kifaransa, kanisa na wasomi wakaandika Kilatini, na mkulima shambani akabaki na Kiingereza chake cha kale. Hadi leo maneno mafupi ya nyumbani, "tell", "teach", "show", ni ya yule mkulima. "Inform", "instruct", "demonstrate", "educate", "explain" na "elucidate" asili yake ni Kilatini. Baadhi yameshazoeleka kiasi kwamba hayasikiki tena kuwa ya kisomi; "explain" hata mtoto hulitumia. Lakini "elucidate" bado limevaa joho. Msimamizi akilikuta kwenye ripoti ya viazi, analisikia kama wewe ungesikia mtu akisema "niliwabainishia wakulima kadhia ya mnyauko".

Sasa tuingie kwenye sarufi, kwani hapo ndipo penye kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika ripoti zinazoandikwa na watu wetu. Umeandika "I explained them the dangers". Kosa hilo limetoka kwenye Kiswahili safi kabisa. Sisi tunasema "niliwaeleza hatari", na yule mtu tunamweka ndani ya kitenzi: ni-li-WA-eleza. Mtu anatangulia, jambo linafuata. "Explain" hakikubali. Kinachokifuata ni jambo linaloelezwa, na mtu anakuja nyuma akiongozwa na "to": "I explained the dangers to them." Kama jambo ni refu, mtu anaweza kutangulia, lakini "to" yake haimwachi: "I explained to the farmers how the disease spreads." Hata ukigeuza sentensi, usiandike "the farmers were explained". Walioelezwa ni wakulima kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza kilichoelezwa ni ugonjwa.

Vitenzi vingine vinavyotaka jambo badala ya mtu ni "clarify", "elucidate", "illustrate", "demonstrate", "convey", "impart" na "disseminate". Kwa hiyo sentensi yako ya viongozi wa kijiji, "village leaders were elucidated", kwa msomaji wa Kiingereza ina maana kwamba viongozi wenyewe walikuwa hawaeleweki, na wewe ukawafanya waeleweke. Sidhani kama ndicho ulichokusudia kuhusu mtendaji wako.

Upande wa pili kuna vinavyotaka mtu: "inform", "notify", "brief", "advise", "train", "instruct", "educate", "enlighten". Hivi bila mtu vinayumba. Huwezi kuandika "I informed that the seed had arrived" ukanyamaza. Msomaji atauliza, ulimwarifu nani? "I informed the farmers that the seed had arrived." "Tell" na "teach" ni vipole, vinapokea mtu na jambo kwa pamoja, "I taught them crop rotation", karibu sawa na Kiswahili chetu. Nakushauri makundi haya mawili uyaandike kwenye daftari lako la kazi, kila kitenzi na sentensi moja ya viazi. Utayashika haraka kuliko ukiyakariri kwenye orodha.

Turudi kwenye lile swali la mkulima aliondoka na nini.

Kama aliondoka na habari tu, basi "tell" inatosha kwa mazungumzo na "inform" kwa ripoti. "Notify" ni ya taarifa rasmi ambayo mtu ana haki au wajibu wa kuipata, mara nyingi kabla ya tarehe fulani: umewataarifu wanakijiji kwamba zoezi la ukaguzi litaanza Jumatatu. "Brief" ni pale unapompa mkubwa muhtasari ili ajue pa kuanzia. Diwani kabla ya kuingia kwenye baraza, kwa mfano. "I briefed the ward councillor on the outbreak." Ni neno zuri kwa ripoti, na watu wetu hawalitumii vya kutosha.

"Advise" inahitaji uangalifu kidogo. Katika barua za ofisi Waingereza hulitumia kwa maana ya kuarifu: "please be advised that the office will be closed". Lakini kazi ya ugani ni ushauri, na ukiandika "I advised farmers to rotate with maize" unasema uliwashauri, uamuzi ukabaki wao. Ukiandika "advised farmers of the new price" umewaarifu tu. Ni "to" na "of" zinazotofautisha. Na nomino yake, "advice", haihesabiki. "Advices" iondoe.

Kama aliondoka na uelewa, hapo ndipo "explain" na ndugu zake wanapofanya kazi. "Explain" kwa Kilatini ilikuwa kusawazisha, kufanya kitu kilichojaa mabonde kiwe tambarare. Unaelezea jambo ambalo msikilizaji hakulijua au hakulielewa namna linavyotokea. "Clarify" ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo ni ya maana. Unapo-"clarify", jambo lilishasemwa, lakini lina ukungu ndani yake, na wewe unauondoa. Jikoni Waingereza huita samli "clarified butter", siagi iliyoyeyushwa ikachujwa uchafu wake wa maziwa hadi ikawa angavu. Ndiyo picha yenyewe: kitu kilikuwepo, kimechujwa. Basi kama sheria ndogo ya ufungashaji ilishatangazwa na halmashauri, wakulima na madalali wakawa wanabishana kama gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, linakatazwa shambani au barabarani, na wewe ukaenda ukaeleza inavyosema, ulifanya "clarify". Andika: "I clarified the by-law on potato packing." Neno moja, na msimamizi anajua kwamba palikuwa na mkanganyiko na wewe ukautatua. "Explained" isingempa hilo.

"Elucidate" ni "clarify" ya wanazuoni. Iache kwa wanaochambua maandiko au matokeo ya maabara. Ukitaka kusema kwamba kipimo cha udongo kilisaidia kujua kwa nini mavuno yameshuka, Kiingereza kina msemo mwepesi: "the soil tests shed light on the low yields". Angalia kwamba kinachotoa mwanga hapo ni vipimo, ushahidi, mara chache mtu.

"Illustrate" ni kueleza kwa mfano au mchoro. Na sasa "demonstrate", neno ambalo ningependa ulipende, dada, kwa kuwa ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi yako na kwenye aya yako halimo kabisa.

Uliniandikia pia jinsi unavyowatambulisha wakulima ugonjwa wa mnyauko. Unachukua mmea ulionyauka jani bado bichi, unakata shina karibu na ardhi, unakining'iniza kipande kwenye glasi ya maji safi, kila mtu akiangalia. Hutikisi. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinaanza kushuka kutoka kwenye shina, na kina mama waliokuwa wanasema viazi vimepigwa na jua wananyamaza. Nyuzi zile ni bakteria wanaoitwa Ralstonia solanacearum, wakitoka kwenye mirija ya mmea. Hakuna dawa ya kupulizia inayoiponya mimea ile. Kinachobaki ni kung'oa, kutumia mbegu safi, na kuliacha shamba lipumzike na viazi kwa kupanda mahindi au nafaka nyingine.

Kazi yote hiyo ya glasi wewe umeiita "enlightened farmers about bacterial wilt". Msimamizi aliyeko Dar es Salaam au ng'ambo hawezi kuiona glasi ndani ya neno hilo. Andika "I demonstrated the glass test for bacterial wilt", kisha "and explained how the disease spreads through infected seed potatoes, water and tools". Sasa anaona mikono yako. Vitenzi viwili, matendo mawili, na hakuna kilichorudiwa.

Hapo hapo, "old seeds" ibadilishe. Kwa Kiingereza "seeds" humfanya mtu afikirie punje. Mbegu ya viazi ni "seed potatoes", na ulichokuwa unawakataza ni kutunza mbegu kutoka shamba lenye ugonjwa. Ukubwa wa umri wa mbegu haukuwa hoja.

Kama aliondoka na ujuzi wa mikono, andika "teach" au "train". "Teach" ni la zamani mno katika Kiingereza, na mwanzoni lilimaanisha kuonyesha. Halina makosa mahali popote, na usilionee haya eti ni la darasa la tatu. "Train" ni pale watu wanapofanya wenyewe mpaka waweze. Ile kazi ya kuwapeleka wakulima shambani mimea ikiwa bado kijani, kuchomeka vijiti kwenye mashina yenye afya, kurudi kuikagua tena, kung'oa kijiti pale mmea ulipoanza kudhoofika, halafu kuvuna ile iliyobaki peke yake iwe mbegu: hiyo ni "train". "I trained farmers to select seed from healthy plants marked with pegs." Kama ulimfuata mkulima mmoja nyumbani kwake mara kwa mara hadi akazoea, "coach" inafaa, na "mentor" kama uhusiano ni wa muda mrefu na unagusa zaidi ya jambo moja.

"Farmers were instructed to make seed selection" inanipa wasiwasi. "Instruct" ina sura mbili. "Instruct them in seed selection" ni kufundisha. "Instruct them to select seed" ni kuagiza, jambo ambalo linafanywa na mwenye mamlaka. Wewe umeandika ya pili, na ripoti inakuonyesha kama askari aliyepita kijijini akitoa amri. Mradi unaofadhili kilimo shirikishi utaishtukia sentensi hiyo mara moja. Yaache maagizo kwa maagizo kweli: kama mkuu wa wilaya amepiga marufuku kusafirisha mbegu kutoka eneo lenye ugonjwa na wewe umeyafikisha, basi hapo waliagizwa.

Tumefika kwenye neno lenyewe, "educate". Lipo mahali pake, na mahali pake ni pakubwa. Kilatini chake kilikuwa kulea, kama mtoto anavyolelewa. Linataka muda, na linataka mabadiliko yanayoonekana katika maisha ya mtu. Hapa kwetu mfano mzuri upo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wakakaa kwa vikundi kuzunguka redio nchi nzima, wakasikiliza kipindi, wakajadili kilichosemwa, halafu wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Kwa kazi ya namna ile, "the campaign educated people about disease" ni sentensi inayostahili kila herufi yake. Kikao cha saa mbili chini ya mti hakijafika huko. Ukilirudia "educate" kwa kila kikao, neno linaisha nguvu, na siku utakapokuwa na kazi ya misimu mitatu ya kuripoti hutakuwa nalo.

Vilevile lina namna ya kumweka msikilizaji chini. Mkulima wa Uporoto aliyelima viazi tangu utotoni anajua mambo mengi ambayo mimi na wewe hatuyajui: mvua ya ukungu inavyokuja, udongo upi unashika maji, mbegu ipi sokoni Mwanjelwa itanunuliwa kwanza. Kusema umem-"educate" kuhusu viazi ni kudai mno.

"Enlighten" inadai zaidi. Ndani yake mna "light", mwanga, na anayeangaziwa lazima awe alikuwa gizani. Wazungu hutumia jina "Enlightenment" kwa ule wakati wa karne ya 18 ambapo wanafalsafa wa Ulaya walidai kila jambo lipimwe kwa akili. Immanuel Kant aliandika makala mashuhuri mwaka 1784 kujibu swali la maana yake. Wabudha hulitumia kwa hali ya juu kabisa ya kuamka kwa roho. Neno lenye historia hiyo ukilipeleka kwenye mnyauko wa viazi linakuwa zito kuliko mzigo. Kwa mazungumzo, "could you enlighten me?" inasikika vizuri ikisemwa na mtu anayejishusha kwa mwenzake, ingawa kuna sauti ambayo ikitumiwa inakuwa kejeli, na kwa maandishi sauti haionekani. Kwenye barua ya kazini andika tu "could you explain" au "could you clarify".

"Edify" ni dada yake "enlighten" aliyekulia kanisani. Kilatini chake ni kujenga nyumba. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya nane, inasema "knowledge puffeth up, but charity edifieth", na yetu ya Kiswahili imelitafsiri kwa usahihi: ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga. Mahubiri hu-"edify", na hata kitabu kinachomfanya mtu awe mwema. Mzunguko wa mazao haumo. Hilo futa bila kusita.

"Disseminate" nimeliacha kwa makusudi hadi sasa, kwa sababu wewe ni mtu wa kilimo na utalifurahia. Ndani yake mna neno la Kilatini la mbegu. Maana yake ya kwanza ni kutawanya mbegu. Hata "broadcast", ambalo leo ni la redio, kabla ya redio lilikuwa la shambani: kumwaga mbegu kwa mkono huku na huku, kinyume cha kupanda kwa mistari, na wataalamu wa kilimo wanalitumia hivyo hadi leo. Kwa hiyo kinachoweza kuwa "disseminated" ni kitu kinachotawanyika kwa wengi: vipeperushi, matokeo ya utafiti kutoka kituo cha Uyole, bei za soko kwa ujumbe wa simu. Mafunzo hayatawanywi, yanafanyika. Tena "disseminate" haikuahidi kwamba mbegu imeota. Ukiandika "we disseminated 300 leaflets", umesema vipeperushi vimetoka mikononi mwako. Kama kuna aliyesoma, hiyo ni sentensi nyingine, na msimamizi mzuri ataiulizia.

Kuna maneno mawili ambayo hukuyaandika lakini najua yanakuja, maana yamejaa kwenye ripoti zetu. La kwanza ni "sensitize". Katika miradi ya Afrika Mashariki kila mtu anaelewa kwamba ni uhamasishaji. Ripoti ikiishia hapa nchini, hakuna shida. Ikienda kwa msomaji wa Uingereza au Marekani ambaye hajafanya kazi huku, anaweza kufikiria hospitali, mwili uliopata mzio wa vumbi au dawa. "Raised awareness of" inaeleweka kote. La pili ni "facilitate", tunalolitafsiri kutoka "wezesha". Tunaandika "I facilitated the farmers", na ofisini kwetu mtu anaweza hata kuelewa kwamba uliwalipa nauli. Kwa Kiingereza cha kawaida kinachowezeshwa ni shughuli: "I facilitated a discussion", "I facilitated the field school". Shamba darasa ni mahali pazuri pa neno hili, maana mbinu hiyo, iliyoanzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, ilikusudia mtaalamu asimame pembeni na wakulima wachunguze wenyewe.

Nisiseme vibaya juu ya orodha za visawe. Peter Mark Roget, daktari wa Kiingereza aliyechapisha ile maarufu kuliko zote mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mawazo badala ya alfabeti, na hakuweka maana. Aliwaandikia watu wanaoyajua maneno tayari lakini wamelisahau lile wanalolitaka. Orodha ya kwenye simu yako iko hivyohivyo. Itumie kukumbuka; ukitaka kujifunza neno jipya, fungua kamusi yenye mifano ya sentensi, utazame kitenzi kinafuatwa na nini.

Na kurudia neno si dhambi. Kama ulitoa mafunzo matatu, "trained" mara tatu ni sahihi kuliko "trained", "edified" na "enlightened". Msimamizi alipolalamika juu ya "educate", nadhani alikuwa anakuomba umwambie ulichofanya, na wewe ukasikia anaomba maneno mapya.

Aya yako sasa ingeweza kusomeka hivi:

"This quarter I demonstrated the glass test for bacterial wilt to potato growers and explained how the disease spreads through infected seed potatoes, water and tools. I trained farmers to mark healthy plants with pegs and keep their tubers for seed, and advised them to rotate with maize. I briefed village leaders on the by-law on potato packing and clarified how it applies on the farm and on the road."

Weka idadi ya vijiji na wakulima kutoka kwenye daftari lako la mahudhurio, na tarehe.

Kwa barua ya kazi mambo ni mepesi. Watu wengi huandika "I impart knowledge to farmers". Kisarufi ni sahihi, lakini haisemi kitu, kwa sababu kila afisa ugani anaweza kuiandika. Anza na kitenzi cha tendo lenyewe, kisha watu, kisha kilichotokea: "Trained potato growers in seed selection, many of whom now save their own clean seed." Hiyo sehemu ya mwisho uiandike tu kama umeiona kwa macho, maana kwenye usaili watakuuliza. "Taught" nayo weka bila woga kama uliwahi kufundisha darasani. Na "trainings" ifute kila ilipo, kwenye ripoti na kwenye barua: "training" haina wingi, ukitaka kuhesabu andika "training sessions".